Tuliosha Mipira ya Watu

Ijumaa, Machakos. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Iveti tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nami nimekasirika, na sitaki kutulizwa na mtu.

Asubuhi naibu wa mwalimu mkuu alinisimamisha nje ya chumba cha walimu. Jumatatu lori litamwaga kokoto kwenye uwanja wetu wa mpira wa mikono, ule wa nyuma ya bwalo, ili wazazi wapate pa kuegesha magari. Nilipouliza wasichana wangu watachezea wapi, alicheka.

"Madam Syombua, si wewe ulichezea timu ya taifa? Mkaenda huko nje mkafungwa mechi zote. Sasa hawa watoto unawapeleka wapi na hii mchezo?"

Nilimwacha hapo nikaenda darasani. Hilo ndilo linaniuma kuliko hata kokoto.

Ni kweli tulifungwa zote. Na miaka yote hii, mtu akiniuliza, nimejibu vile waliotutangulia walivyojibu: wenzetu walikuwa warefu. Warefu walikuwa, sikatai. Lakini leo naandika kilichotokea.

Jioni kabla ya mechi ya kwanza, wenyeji walitupa mipira ya mazoezi. Ilikuwa inanata. Sisi nyumbani tulicheza kwenye vumbi, mikono mikavu na mpira mkavu, kwa hiyo tulidhani ni uchafu, tukawaonea wenyeji aibu. Wasichana tuliolelewa na mama zetu, tungefanya nini kingine? Tuliibeba mipira yote hadi bafuni, tukaisugua kwa sabuni ya kipande na soksi ya mlinda lango wetu, kisha tukaianika dirishani.

Ile ilikuwa gundi. Wanaipaka makusudi, ili mpira ukae mkononi hata ukiushika kwa mkono mmoja. Mzee wao wa vifaa alipoingia akakuta mipira yake imetakata, aliketi tu kwenye benchi na kutuangalia.

Kesho yake, kwa mpira waliokwisha kuupaka gundi upya, nikapewa kurusha adhabu ya mita saba. Nilirusha kama ninavyorusha nyumbani, kwa nguvu zangu zote. Vidole havikuachia. Mpira ulichelewa kutoka, ukapiga sakafu mbele ya miguu yangu, ukabingirika taratibu hadi kwa mlinda lango wao, naye akauokota kama mtu anayeokota kitunguu kilichoanguka sokoni. Ukumbi mzima ulicheka.

Baadaye sana nilikutana na dada mmoja aliyechezea timu ya taifa kabla yetu. Nilipotaja gundi, alifunika uso. Hata wao iliwakuta. Kila timu ilirudi nyumbani na aibu yake, ikaificha, na iliyofuata ikaenda kuanza moja.

Mimi pia niliificha.

Mama yangu kule Mwala ana mizinga, na hunikusanyia ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa. Naichanganya na mafuta kidogo, naianika juani ilainike, naiweka kwenye mkebe wa kakao. Wasichana wangu huipaka kila mazoezi. Wanalalamika inachafua sare, nami huwaambia wapake tu. Sijawahi kuwaeleza ni kwa nini.

Leo saa kumi jioni nikawakuta wamesimama uwanjani. Vigingi na kamba za maegesho zilikuwa tayari zimewekwa. Niliwaketisha chini nikawaambia yote, sabuni, soksi na kitunguu. Kisha Mwikali, nahodha wangu wa kidato cha tatu, akainua mkono kama yuko darasani.

"Aki Madam, mliosha mipira za watu?"

Walicheka hadi wengine wakalala chini. Nami nikacheka. Sikujua kisa kile kinaweza kuchekesha.

Mwikali akafuta machozi, akafungua mkebe, akapaka vidole bila kuambiwa. Akaenda kwenye mstari wa mita saba na kurusha. Vidole viliachia. Mpira ukaingia wavuni kabla mlinda lango hajainua mkono.

Hawa hawataosha mpira wa mtu.

Naogopa, nisijidanganye. Naibu anaweza kuniandikia barua, na mwalimu mkuu humsikiliza yeye kabla yangu. Lakini vigingi tumeving'oa wenyewe, tukavipanga vizuri kando ya bwalo, na kamba nimeikunja. Jumatatu asubuhi nitaingia kwa mwalimu mkuu na kumsimulia kisa kizima, hata kama atacheka. Asiponisikia, lori litatukuta mazoezini, na mimi nitakuwa nimesimama kwenye mstari wa mita saba.

Anayetaka kunitoa hapo aje anishike mkono. Nitakuwa nimeupaka gundi.