Sentensi Isiyo na Kosa

Kambini Lushebere, siku ya Alhamisi

Kwa kaka yangu mpendwa Isidore,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, mgongo umekuachia kidogo, na mihogo yako ya huko Walikale haijaliwa yote na nguruwe wa msitu. Sisi huku tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nimezidisha, ila tunapumua, na mwenye pumzi hushukuru. Mvua imetoboa tena bashi, turubai la kibanda, upande wa kitanda, kwa hiyo tunalala tumekunja miguu kama kuku. Jirani yangu Mukashema anakusalimu. Bado anauliza kama umeoa tena tangu tumzike Agathe. Nimemjibu kwamba mwanamke wa kuvumilia mkoromo wako hajazaliwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya kwenu hukatika katikati ya neno, na habari hii nusu yake ni mbaya kuliko yote nzima. Nampa Patient wa pikipiki, akufikishie mkononi. Uketi kwanza.

Ninaanza na iliyo njema. Binti yako Naomie amechaguliwa. Wale masista wa Uganda niliokutajia, wanaotafuta wasichana wa kambini wa kuwafundisha kazi ya uuguzi, wamemchukua. Ameondoka Jumanne. Atalala kwenye nyumba yenye mlango na kufuli, na atakula mara tatu kwa siku. Najua hapo umefanya ishara ya msalaba. Ngoja, usishangilie bado.

Masista walikuwa wamesema watazungumza na wasichana kwa Kiingereza, bila mkalimani, maana huko shule ni ya Kiingereza tupu. Ndipo Hilaire, yule kijana aliyesoma Goma ambaye watoto wanamwita Metre, yaani mwalimu kwa Kifaransa, akafungua darasa nyuma ya kanisa. Kazi yake ilikuwa kuwaondolea makosa. Nilikuwa napita na ndoo yangu namsikia akifoka. Alisema Kifaransa kinawaharibu, kwa sababu kwa Kifaransa mtu ana miaka kumi na saba, lakini kwa Kiingereza mtu mwenyewe ndiye miaka kumi na saba, na atakayesema anayo ataonekana mshamba. Alisema Kiswahili nacho kinawaharibu, maana sisi tuna neno moja tu kwa mwanamume na mwanamke, wenzetu wana mawili, na kuyachanganya ni aibu. Kila kosa lilikuwa na kicheko chake na chaki yake nyekundu.

Akawaambia kila mmoja aandike maisha yake. Naomie alinisomea insha yake kwa Kiswahili kabla ya kuipeleka. Kaka, yote ilikuwa wewe. Kwamba ulimbeba mabegani kwenye matope siku tulipokimbia Kashuga. Kwamba unajua kutega mtego na hujui kuimba. Kwamba uko Walikale unafyeka msitu ili siku moja aje alale kwenye nyumba ya miti, si ya bashi. Nililia kidogo, nikamwambia ni moshi.

Ilirudi imejaa nyekundu kama kidonda. Tena, kwa kuchanganya yale maneno mawili, Naomie alikuwa amekuita mwanamke toka mwanzo hadi mwisho, darasa zima likacheka kwamba Papa wa Naomie anavaa kikwembe cha akina mama. Mtoto alikuja akajitupa kitandani.

Basi Metre akaandika kwenye ubao maisha ya msichana mmoja wa kubuni, kwa Kiingereza safi, akawaambia watazame jinsi yalivyojengwa kisha kila mtu aweke ya kwake. Lakini wewe na mimi tumesoma shule hizi hizi. Mwalimu anaandika, mwanafunzi ananakili, na anayerudisha bila kupoteza neno ndiye anayepita. Wewe ulijua mito ya Ulaya kwa mpangilio, na ukitumwa mtoni kwetu unapotea. Nani atabadilisha kilicho kwenye ubao? Kwenye kubadilisha ndiko kosa linakoingilia. Naomie aliyashika yote kama yalivyo. Alikuwa akitwanga majani ya sombe anayarudia, neno na mchi, neno na mchi. Mimi Kiingereza sikijui. Nilimsikiliza nikafurahi, hakwami popote mtoto wa kaka yangu.

Siku ya masista ilipofika, wasichana wengi walianza vizuri wakakwama njiani. Naomie peke yake alifika mwisho. Waliokuwa nje wanasema sista mkubwa alitoa leso akajifuta macho. Kwamba wengine waliomtangulia walianza kwa maneno yale yale, hilo halikuwashangaza masista. Hapa kambini habari zetu zinafanana hata bila ubao.

Jumapili akaja padri mgeni kuwaaga waliochaguliwa. Nilivaa kile kikwembe cha ubatizo. Nilikaa mbele, nimevimba kichwa, sikufichi. Padri akasema masista hawa wanachukua tu watoto wasio na baba wala mama, kwa hiyo tusimame tuwaombee wazazi waliowatangulia. Akasoma majina. Akasema Agathe, nikainamisha kichwa. Akasema Isidore, aliyeuawa kwenye njia ya shamba.

Nilidhani ni Isidore mwingine. Nikamtazama Naomie. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Baada ya misa nilimvuta nyuma ya choo cha kanisa nikamuuliza amefanya nini. Alisema hakukusudia. Alisema msichana wa kwenye ubao hakuwa na wazazi, na yeye alipofika pale aliogopa kuacha njia, kwa sababu nje ya zile sentensi hakuwa na uhakika wa neno hata moja. Sista akamuuliza baba alikufaje. Hapo alielewa vizuri kabisa. Lakini akajibu kwa sentensi iliyofuata. Alifikiri Kiingereza chake kikikomaa atarudi kusahihisha.

Nikamfuata Metre. Nilikwenda kumchana, wewe unanijua mdomo wangu. Hakubisha. Alisugua chaki vidoleni, kisha akaniambia hivi: «Mama, ile sentensi haikukuwa na kosa hata moja. Ukienda kuitosha, unamutosha na mutoto.» Yaani nikiitoa ile sentensi, namtoa na Naomie.

Sasa nikuambie lile linalonikaa kooni. Padri alipomaliza majina alisema Mungu awapumzishe kwa amani, na watu wakaitika amina. Mukashema, anayejua kwamba wewe ni mzima, alinigeukia. Alisubiri mdomo wangu. Kaka, niliitika amina. Niliitika kwa sauti, wa mbele wakasikia, naye akaitika baada yangu. Nilimwombea pumziko ndugu yangu wa tumbo moja huku nikijua kwamba saa ile anapalilia.

Usidhani nilipumbazwa. Nilipima. Uwamwezi, binti wa Mukashema, aliyekuwa akicheka na Naomie kisimani, alikwenda kutafuta kuni mwezi uliopita akaletwa jioni amebebwa, na mpaka leo hasemi. Naomie ndiye angefuata kwenda kuni, maana mimi goti limekataa. Ningesema wewe ni hai, jina lake lingefutwa pale pale. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nilijiambia. Lakini wewe ndiye nusu niliyoitoa, na sikukuuliza. Nina aibu nawe, na kesho ningefanya tena.

Kwa hiyo nakuomba mambo machungu. Ile namba ya masista niliyokutumia usiipige. Usije huku kusema wewe ni papa yake, wala usitume mtu. Nimewaambia masista kwamba Naomie ana mjomba Walikale, ndugu wa Agathe, na kwamba huenda siku moja akamtembelea. Ukipata njia ya kwenda, uende kama huyo. Akikuita Mjomba mbele ya watu, itika. Sijui kama utaweza. Mimi nisingeweza.

Sasa kuhusu kifurushi atakachokupa Patient. Ni karanga, kaka, wala si zangu. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akituambia, kwamba mtu aliyeliliwa yungali hai, kinywa kilichomtangaza amekufa kimpe chakula, naye akile mbele ya shahidi, la sivyo maneno yanabaki hewani yanamtafuta. Nilikuwa nacheka mambo hayo, Mkristo mimi. Jumanne asubuhi nilimkuta Naomie ameshawasha moto, anazikaanga mwenyewe, machozi yanadondokea chunguni. Nilimwambia asitie chumvi zaidi. Hakucheka. Alizifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akapanda pikipiki, kisha akanishika mkono akasema: «Shangazi, umwambie Papa akule zote. Asiachie mutu. Asikufe mbele nirudi.»

Wasalimie wote wa ukoo walio huko, na yule mzee wa mitego mwambie nyama yake ilifika ikiwa bado nzuri. Mungu akulinde barabarani na shambani. Patient nimemkataza kugeuza pikipiki kabla hujamaliza. Ule, Isidore, ule mbele yake akuone, aje aniambie kwa mdomo wake kwamba umekula.

Ni mimi mdogo wako,
Epiphanie