Chupa Aliyoibeba Kitsao

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijazikwa kwa heshima nisiyoistahili. Naishi Kisauni, mapafu yangu yamekwisha, na barua hii naiandika mistari miwili kisha napumzika.

Mwaka 1931 nilikuwa mwalimu wa dini, na siku moja niliwaambia wanafunzi wa ubatizo, mlango uko wazi na watu wanapita, kwamba Jumapili tutakula mwili na kunywa damu, wala sikueleza habari ya mkate na divai, kwa kuwa nilipenda kuwaona wakishtuka. Basi neno likatoka nje likafika kisimani kijijini Junda, na kwa kuwa wiki ile mtoto mmoja wa huko alikuwa hajulikani aliko, watu wakasema mumiani, wale wanyonya damu, kumbe wako kanisani. Jumamosi wakamkamata Kitsao, mtunza kanisa letu, amebeba chupa ya divai niliyomtuma mimi.

“Nyekundu hiyo! Bado mwabisha?”

Kitsao akacheka. “Jamani, ni zabibu hizi. Muulizeni mwalimu.”

Wakaja kwangu na marungu. “Mwalimu, chupa hii ni yenu?”

Nikajibu, “Siijui.”

Wakampiga mbele ya mlango wangu, akafa siku ya tatu. Mtoto alikuwa kijiji cha Bofu kwa shangazi yake, mzima, lakini jina la mumiani limembakia Nyevu, binti wa Kitsao, ambaye hata leo akienda kuteka maji kisima kile cha Junda wanawake huwavuta watoto wao kando, na wachumba wawili wamemkimbia. Mimi nikafanywa mzee wa kanisa. Sasa padre ataka nizikwe kando ya ukuta wa kanisa. Nimetubu kwa Mungu miaka mingi. Nikiwaambia watu, sitaitukanisha imani?

Mzee wa Kisauni

Shikamoo, mzee wangu, na pole kwa maradhi. Nimekuamkia kwa umri wako, sasa nivumilie.

Mungu alikuwa akijua. Uliowaficha ni majirani. Neno la damu lingeelezwa, watu wangeelewa, pengine wangecheka. Lililoiaibisha imani ni lile “siijui” lako, nawe unalirudia kila siku unayonyamaza. Usijifiche nyuma ya kanisa. Wala barua hii usiihesabu kuwa ungamo, maana hukutia jina lako.

Mwite padre, mweleze yote, ukatae lile kaburi. Nyevu usimwite kwako. Wewe ndiye ubebwe kwa kitanda mpaka Junda, saa ambayo watu wamejaa kisimani, useme kwa sauti uliyobakiwa nayo: chupa ilikuwa ya kanisa, nilimtuma mimi, nikamkana, Kitsao hakuwa mumiani. Asiyesikia, mwambie tena.

Msamaha usiuombe siku hiyo. Usimtwike yatima kazi ya kukufariji. Akikutukana, msikilize. Akikupa mgongo, rudi nyumbani kimya.

Wala usingoje nafuu. Gazeti hili likikufikia asubuhi, tafuta watu wanne wa kukubeba, uondoke asubuhi hiyo hiyo.