Kurasa Mbili za Kitabu cha Ndege

Mikumi,
5 Juni 1999

Mdogo wangu Letisia,

Marahaba kabla hujaniamkia. Goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila mbung'o wananifaidi.

Ile ndege kuukuu ya shirika ninayoitengeneza imenunuliwa na tajiri mmoja wa hoteli. Anataka ning'oe vipimo vyote vya mishale, nifunge vioo viwili vya kidijitali kutoka Afrika Kusini. Kitabu cha kuvifunga ni Kiingereza kitupu. Nakutumia nakala kivuli, wewe wa kidato cha tatu unitafsirie. Usiogope, hakuna wa kukucheka ila mimi.

Kaka yako,
Oswald


Kilosa,
14 Juni 1999

Shikamoo kaka,

Goti la mama limepoa kidogo. Tafsiri hiyo hapo, daftari zima. Mama anawaambia wateja wote wa maandazi hapa Magomeni yetu ya Kilosa kwamba mimi ndiye ninayetengeneza ndege. Natamani kuingia chini ya meza.

Mdogo wako,
Letisia


Mikumi,
1 Julai 1999

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Vioo vimewaka! Kasi, mwinuko, ramani, vyote kwa rangi. Vipimo vya zamani nimevitoa, matundu nimeyaziba kwa bati. Rubani wetu, Kapteni Ditram, kanuna: "Kioo kikizimika nitazame wapi, Oswald? Usoni kwako?" Nikamjibu, "Kapteni, mdogo wangu kasoma kitabu chote, hakuna panaposema kitazimika."

Inaruka Jumamosi, tarehe 10. Kwetu mafundi, aliyefunga skrubu ya mwisho ndiye anayekaa kiti cha kulia, kando ya rubani, safari ya kwanza.

Kaka yako,
Oswald


Kilosa,
8 Julai 1999

Shikamoo kaka,

Hatujambo. Barua yako nimeipata leo.

Kaka, kuna kurasa mbili niliziruka. Zilikuwa na michoro na maneno magumu ya umeme. Ningemuuliza Mwalimu Costancia, lakini mimi nikiongea darasani mikono inatoka jasho. Nikasema nani atajua. Namba za kurasa nikazipanga upya ili zifuatane.

Leo nimekwenda kwake. Kasoma mara moja tu: umeme wa ndege ukikatika, vioo vyote vinazimika. Kipimo cha zamani cha mwinuko na cha kasi visitolewe.

Nimepiga simu kutoka posta, ofisi yenu haipokei. Barua hii nampa dereva wa basi. Usipande. Ukija nichape, lakini usipande.

Mdogo wako,
Letisia


Mikumi,
10 Julai 1999, asubuhi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata jana jioni. Usilie. Tajiri nimemweleza, kasema wageni wake wameshafika, ndege itaruka. Kapteni alicheka, kisha akaenda kukagua matairi. Ana watoto sita, kazi hawezi kuacha. Na mimi siwezi kumwacha peke yake na bati langu.

Vipimo vya zamani tajiri alivipigilia ukutani kwenye baa ya hoteli, eti pambo. Nimekibandua cha mwinuko. Hicho hakitaki waya, kinapima hewa hata kikiwa mkononi, basi nitakipakata. Cha kasi, bila mrija wake wa upepo, ni pambo kweli.

Ukungu umeshika milima. Mama usimwambie kitu. Nikishuka nitaandika.

Kaka yako,
Oswald


Kilosa,
14 Julai 1999

Shikamoo kaka,

Yako ya tarehe kumi imefika leo. Nyingine hakuna. Nimemuuliza dereva mara mbili, mbele ya abiria wote, mimi huyu.

Mama hajui kusoma, kaniambia nimsomee. Nimemsomea barua niliyoitunga papo hapo, bila kuinua macho. Kafurahi, kataka niirudie. Nimeirudia.

Kaka, kesho atataka tena.

Mdogo wako,
Letisia