Siku Yangu ni Tarehe Sita

Kijiji cha Poiana Veche,
Romania.
6 Machi

Mpendwa Mama Mdogo Nambike,

Shikamoo, na shikamoo ya pili, maana barua yangu ya Januari haikuwa na salamu wala adabu. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, na mume wangu Tiberiu anakuamkia.

Najua barua ile ilikukosesha raha. Nilikuandikia kwamba nimeshindwa, miezi minne sijaona udongo kwa theluji, na nikakuomba unitayarishie chumba nirudi nyumbani. Sikuwa natania. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, lipo chini ya kitanda.

Sasa sikia ya leo! Huku kila mwanamke huchagua mapema siku moja kati ya tarehe mosi na tarehe tisa Machi, na hali ya hewa ya siku hiyo ndiyo moyo wake mwaka mzima. Hakuna kubadilisha. Jirani yetu Floarea, ambaye ulimi wake haujui likizo, alipata mvua ya mawe tarehe mbili, na kijiji kizima bado kinamcheka. Mimi nilichagua sita.

Alfajiri nafungua mlango, theluji imefika magotini. Floarea alikuwa keshafika uzioni, akaniuliza kama moyo wangu nimeuandalia koleo. Nikacheka naye, kisha nikaingia zizini nikalia nimeegemea ng'ombe. Niliona hata mbingu zinanifukuza.

Mama Mdogo, saa sita mchana jua likawaka! Paa likaanza kudondosha maji, kisha kutiririka, na ilipofika saa tisa nikauona udongo, mweusi, unafuka mvuke. Niliushika kwa mikono miwili. Wanawake walijaa uzioni, na Floarea akawa wa kwanza kupiga makofi.

Mama mkwe wangu Saveta, ambaye tangu nije hajawahi kuniambia maneno mengi zaidi ya "njoo ule", alikuja akanivisha koti lake.

"Wewe ni wa kuchelewa kuchangamka, mwanangu," akasema. "Mwaka nilioolewa hapa, siku yangu ilikuwa hivi hivi. Na sanduku langu nililificha chini ya kitanda kilekile."

Kumbe alikuwa akijua muda wote.

Msalimie sana Baba Mdogo Sempombe, na dada Nakiete na wanawe. Mungu awajalie mvua kwa wakati wake. Na kile chumba, Mama Mdogo, weka mahindi.

Mwanao akupendaye, kwenye theluji na kwenye jua,
Nakundwa