Shingo ya Shemeji Karisa

Jumatatu, 3 Machi
Vichwa kumi na moja na alasiri bado. Vinyozi wa Malindi wote wananyoa, mimi ndiye ninayemalizia. Ukishapakwa spiriti nakushika kidevu na kisogo, nakuzungusha shingo. Ka! kulia. Ka! kushoto. Wanaume wazima wanaguna kama wamelishwa halua. Shule niliiachia darasa la saba, lakini shingo nazijua kuliko madaktari.

Kaja shemeji Karisa, mume wa dada yangu Kadzo. Hubeba magunia ya chumvi kwa kichwa kule Marereni. Vidole vya mkono wa kulia vinamfa ganzi wiki nzima sasa.

"Mshipa umekwama, shemeji. Kaa hapo, utakuja kunishukuru."

Upande wa kulia ulikataa kulia. Nikarudia kwa nguvu zote. Ukalia. Karisa akaruka kitini, eti umeme umempita mpaka kisiginoni. Nilicheka sana. Nikamwambia ndio mshipa unafunguka huo.

Alhamisi, 6 Machi
Kadzo kapiga simu. Karisa kamwaga chai mara mbili. Kikombe kinamtoka mkononi mwenyewe hana habari. Nikasema ni magunia hayo.

Nimenyoa wengi leo. Sikuzungusha hata mmoja. Sikujisikia tu.

Jumamosi, 8 Machi
Marereni. Karisa anatupa miguu kama kavaa viatu vya mtu mwingine. Anasema ardhi imekuwa godoro. Vifungo vya shati anafungwa na mkewe.

"Ulevi wa mnazi wa asubuhi huo, shemeji," nikamtania. Yeye alicheka. Mimi niliangalia miguu yake.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali, na Karisa na Kadzo. Daktari mwenyewe kijana, karibu rika langu. Wivu ulinishika, siwezi kuficha.

Kumbe ndani ya mifupa ya shingo mna ugwe, kama kamba, ni ubongo umeteremka na kuendelea, laini kama nyama ya dafu. Matawi yake yanafika hadi vidoleni. Sisi tunaita mishipa, yeye anaita neva. Akanikalisha mimi ukingoni mwa kitanda, kidevu kifuani, goti nimelinyoosha. Nyuma ya paja kukavuta vibaya. Akasema inua kichwa. Kukalegea! Shingo yangu na mguu wangu, uzi mmoja. Neva hunyumbuka na kuteleza, akasema, ila kwa kiasi, na polepole. Kubanwa haiwezi. Sasa kati ya pingili mbili za Karisa kuna kisahani laini kimechomoza, kinaukandamiza ugwe.

Akauliza kama alianguka, au kuna mtu alimvuta shingo. Jambo la ghafla halingoji, akasema. La magunia, la polepole, lingengoja zamu yake ya kupasuliwa wiki ijayo.

Kadzo akajibu ni magunia. Karisa akaniangalia. Mimi nikaangalia feni.

Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi miguu ya Karisa haikuinuka kitandani.

Nimemfuata daktari mbio, nimemwambia yote. Hata ile mara ya pili. Hakunigombeza. Aliandika haraka, akatoka haraka zaidi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Siku nzima iliyopotea ni yangu.

Kadzo alikuwa mlangoni. Alisikia.

Ijumaa, 14 Machi
Walimpasua Jumanne ile ile usiku. Nimefunga kibanda. Mikono yangu nimeiangalia sana leo. Nilikuwa najisifu ni mizito.

Jumapili, 16 Machi
Nilipoingia wodini, Kadzo alitoka. Hajanisemesha tangu Jumanne.

Karisa kalala chali, shingo imefungwa ukosi mgumu. Miguu imeanza kuhisi ubaridi wa shuka. Mikono bado. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi, ni miezi ya kungoja.

Nikamwomba radhi. Sikupamba.

"Kinyozi, nikune pua. Inaniwasha tangu mke wangu atoke."

Nikamkuna.

"Kushoto kidogo."

Kushoto kidogo.