Niliposema "Choma Yeye"

Mdogo wangu Wani,

Nimekutafuta kwa kila namba niliyopewa na zote zimezimwa. Watu wanaotoka Nakuru hukiri kwamba wamekuona, kisha hugeuza mazungumzo. Kwa hiyo naiandika barua hii wazi, aisome yeyote anayekufahamu, na mmoja wao akusomee hata ukimkataza. Siku gari lako lilipoteketea karibu na soko la Konyo Konyo, ulinisikia nikipiga kelele, "Choma yeye!" Masikio yako hayakukudanganya. Nilisema maneno hayo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Nataka ujue huyo "yeye" alikuwa nani.

Itanibidi nianzie mbali, kwa sababu hata kupenda kwako gari lisilo na paa hakukuanzia Juba.

Unalikumbuka lile lori la mahindi. Mama alitulaza chini ya magunia, turubai likafungwa juu yetu, nasi tukaelekea mpakani gizani kama mizigo mingine. Askari walilisimamisha lori. Mmoja alipanda, akaanza kudunga magunia kwa singe ya bunduki. Singe ile iliingia kwenye paja langu ikatoka, nami sikutoa sauti. Lakini wewe ulifungua mdomo ili ulie. Nilikuziba kwa kiganja, mdomo na pua pamoja, nikabana kwa nguvu zangu zote. Uliniuma mpaka meno yakagota kwenye mfupa. Sikuachia. Tulipovuka mpaka uso wako ulikuwa na rangi ya majivu, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Ulitaka kuniua."

Hukunisemesha kwa muda mrefu. Kisha, kambini Kenya, vijana wakubwa walinipiga kwenye foleni ya maji, na wewe, mtoto wa kimo cha ndoo, ukamrukia mmoja wao ukamchana shavu kwa kifuniko cha kopo. Damu ilimtiririka hadi kifuani. Ulikuja ukaketi karibu yangu, ukaniuliza kama bado mkono unaniuma. Hatukulizungumza tena jambo la lori. Ila tangu hapo hukuweza kulala katika chumba kilichofungwa, na mara nyingi nilikukuta umelala kizingitini, kichwa nje.

Amani ilipotiwa saini tulirudi Juba. Mimi nilikuwa nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Kenya hadi mvi zikanitoka, wewe ulikuwa fundi wa jenereta, na katika mji ule wa jenereta hukukosa kazi hata siku moja. Tulijenga nyumba mtaani Gudele. Ndipo ukaniambia umeona gari.

"Mwalimu, twende ucheki hii ndai," ulisema. Hujawahi kuniita kaka pale unapotaka kitu.

Lilikuwa gari dogo la spoti, la buluu, lenye paa la kitambaa linalokunjwa nyuma ya viti. Dalali wake alikuwa Mganda mnene aliyevaa kofia ya manyoya katika jua la mchana.

"Mzee, gari hii iko bado bikira," alisema. "Mileji yake iko chini kabisa. Yeye alikuwa ya mzungu. Alikuwa naendesha yeye Jumapili tu."

"Nani alikuwa akiendeshwa Jumapili," nilimuuliza, "gari au mzungu?"

"Yeye," alijibu, kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Ulicheka ukaliegemea boneti. Mimi sikucheka. Nilimweleza dalali kwamba "yeye" ni neno la mtu, kwamba gari halina uyeye, na kwamba mwenye kuchanganya vitu na watu siku moja atamdhuru mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakugeukia. "Huyu mzee yako iko na maneno mingi. Yeye iko ananunua ama wewe?"

Niliinama nikatazama pedali, maana namba za dashibodi huweza kurudishwa nyuma, lakini mpira wa breki hausemi uongo. Ulikuwa na mistari yake yote. Kiti cha dereva hakikuwa kimebonyea. Dalali alikuwa amesema kweli: gari lile lilikuwa limetembea kidogo sana. Nikakwambia kwamba litaendelea kutembea kidogo, kwa kuwa lami yote ya Juba unaweza kuimaliza kabla redio haijamaliza wimbo mmoja, na baada ya hapo ni mashimo ambayo tumbo la gari lile lingeyalamba yote. Ukajibu, "Barabara zinakuja, Mwalimu. Nami nitakuwa nazingoja nikiwa nimekaa."

Hazikuja. Wiki hiyohiyo ya kwanza, kwenye kizuizi cha barabarani upande wa Nyakuron, askari mlevi aliligonga boneti kwa kitako cha bunduki. Alitaka kujua kwa nini umekaa chini hivyo kama mtu anayemvizia. Kabla hujajibu alikupiga kofi. Katika gari la kawaida angalau angehitaji kuuingiza mkono dirishani. Katika lako alishusha tu. Akakupiga tena la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa rahisi. Ulitema damu pembeni ya mlango ukaendesha. Nilikusihi uliuze gari lile siku hiyo. Ulifuta mdomo ukaniambia, "Ndani ya hili napumua." Nilikumbuka magunia, na sikukusihi tena.

Sasa nifike siku yenyewe.

Ulikuwa mchana, paa limekunjwa, tunatoka Nyakuron kwenda sokoni. Usukani wa gari lako ulikuwa upande wa kulia, kama ilivyo kwa magari yote yaliyotujia kutoka Uganda na Kenya, ilhali sheria ya Juba ni kupita kulia. Kwa hiyo mimi abiria ndiye niliyekuwa upande wa katikati ya barabara, nawe ulikuwa ukingoni. Palikuwa na shimo kubwa katikati, limejaa maji machafu. Ulipolikwepa, boda boda ilitokea mbele, nayo ikilikwepa. Mkawa uso kwa uso. Mkono wako ulikulia Kenya, na kwa hofu ulifanya kile ulichofunzwa Kenya: ulikata kushoto. Yule mwendesha boda boda, Mganda aitwaye Okello, alikuwa ametumia miezi mingi kujilazimisha kusahau kushoto kwao. Alikata kulia. Kulia kwake na kushoto kwako ni upande mmoja. Laiti naye angekosea kama wewe, mngepishana.

Pikipiki iliingia chini ya boneti. Okello aliruka juu ya kioo, na kwa kuwa hapakuwa na paa la kumzuia, aliangukia mapajani mwangu. Mguu wake ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti. Damu yake ilinilowesha kuanzia shingoni hadi viatuni, na damu hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa maana wenzake walipofika mbio walidhani mimi ni mtu aliyesimama kumsaidia. Walinisaidia kumshusha. Tukamlaza kwenye mkeka wa mama muuza chai. Alikuwa amefumba macho, na mmoja wao alipiga yowe kwamba amekufa.

Wewe hukuwa na damu ya mtu ya kukusitiri. Hukupata nafasi ya kupandisha kioo wala kufunga paa. Ulikaa pale kama chakula kwenye sahani.

"Yeye iko ameua Okello!"

"Ya zol, toa yeye nje!"

"Hawa ya Kenya wanakuja na gari haina kichwa, wanafikiri barabara iko ya mama yao!"

Walikutoa kwa shati na nywele, juu ya mlango, bila kuufungua. Nilisikia mnyororo wa pikipiki ukitua mgongoni mwako. Nilisikia mawe, jiwe likimpata mtu halilii kama likipata ukuta. Mmoja alikuwa na spana ndefu, akakupiga mdomoni, na jino lako likagonga bamba la mlango likalia kama sarafu. Wengine walisema "Dugu uo, dugu uo," mpigeni, wakisogea ili kila mmoja apate nafasi yake, kwa utaratibu, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Kisha mtu mwenye kofia nyekundu akachukua chupa ya petroli kwenye meza ya wauzaji wa kando ya barabara, akakumwagia kifuani.

"Choma yeye!" alisema. Na wote wakaitikia.

Nilipiga kelele, "Jamani, msimchome! Mwacheni!" Ndiyo, Wani, hilo nililisema kwanza. Hukulisikia kwa sababu mdomo na masikio yako vilikuwa mavumbini chini ya miguu yao. Nilitamka vizuri, kama ninavyotamka siku zote, na matamshi yale karibu yatuue wawili. Mwenye kofia nyekundu aligeuka.

"Nani inasema Kiswahili ya kitabu? Wewe iko ndugu yake?"

Jiwe lilinipata sikioni. Kiberiti kilikuwa tayari kimetolewa, na mwenye nacho alikuwa akipekecha njiti ya kwanza, ambayo iliwaka ikazimika.

Kwa Kiswahili sanifu, Wani, mtu huchomwa kwa "mchomeni," na gari kwa "lichomeni," wala hakuna mwenye akili anayeweza kuyachanganya. Lakini watu wale hawakuwa na "m" wala "li." Walikuwa na "yeye" tu, neno lililotosha dereva, mbuzi, jenereta na Mungu. Nimelilaumu kosa hilo tangu siku tuliyorudi. Siku ile niliona kwamba ndani ya kosa hilo palikuwa na upenyo, na upenyo huo ulimtosha mtu mmoja kupita.

Nilinyakua chupa mbili za petroli mezani. Nilizimwaga zote kwenye viti vya gari lako, nikapanda juu ya boneti na viatu vyangu vyenye damu ya Okello, nikapiga kelele kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kukisema wala kukiruhusu darasani:

"Yeye iko hapa! Gari hii iko ameua Okello! Choma yeye! Choma yeye!"

Mwenye kiberiti alikutazama wewe. Akanitazama mimi. Niliruka chini, nikaipiga teke taa ya mbele ikapasuka. "Yeye! Yeye hapa! Choma yeye!" Mtu mwingine akaipiga ya pili. Mtu akapanda akachana paa la kitambaa kwa kisu, na wengine wakamfuata kwa furaha, kwa sababu kuvunja gari zuri la tajiri kuna utamu. Njiti ya pili ikaruka juu ya kichwa changu.

Moto ulilipuka ukanichukua nyusi na nywele za mbele. Gari lile liliungua haraka. Lilikuwa na kitambaa, sponji, mafuta, na hewa tele. Watu walicheza. Waliolizunguka walikupa mgongo, na mama muuza chai alikushika miguu akakuvuta chini ya meza yake, akaketi mbele yako na kutandaza nguo zake. Mmoja alipokukumbuka na kuuliza, "Na ile ingine iko wapi?" mama yule alimjibu, "Kalas, basi, wamembeba wenzenu. Nunua chai ama uondoke." Kisha polisi wakaja wakipiga risasi hewani, na kila mtu akakimbia.

Hospitalini ulikuwa umeshonwa kuanzia kidevuni hadi kwenye jicho. Niliketi. Ukasema, kwa mdomo usio na meno ya mbele, "Nilikusikia. Sauti yako naijua." Nilianza kukueleza, ukaziba masikio kwa mikono iliyofungwa bendeji ukageukia ukuta. Nyuzi hazijatolewa, ulikuwa umekwishapanda basi la Kenya.

Okello hakufa. Mguu wake umekuwa mfupi kuliko mwenzake, naye huuza vocha za simu hapa Gudele, karibu na lango langu. Jana aliniuliza tena.

"Mwalimu, ndugu yako iko wapi?"

"Yuko wapi," nilimsahihisha.

"Yuko, iko, wewe leta yeye tu. Mimi nataka kuambia yeye kitu."

"Kitu gani?"

"Kwamba hapa tunapita kulia!"

Akacheka mpaka akaushika ule mguu mbaya kwa maumivu. Hana kinyongo, Wani. Nimemsikiliza mara nyingi nikikitafuta na sijakiona.

Mwaka ujao, wanasema, tutapiga kura. Rudi kabla ya siku hiyo, au baada yake. Nyumba nimeiongezea kibaraza upande wa magharibi. Hakina kuta. Kitanda chako nimekiweka huko, na upepo wa jioni unakipata.

Kwenye lori niliuziba mdomo wako, ukadhani nakuua. Barabarani niliufungua wangu, ukadhani vivyo hivyo. Mara ya kwanza ulinikasirikia, ukapima, ukaja kuketi karibu yangu. Naomba upime tena. Nimetumia maisha yangu yote kuwafundisha watoto kwamba maneno yana mahali pake, na nimelitumia moja vibaya, kwa makusudi, mara moja tu, nawe ungali hai. Yeye alikuwa gari. Wewe sikukutaja.

Nakuaga hapa nikiutazama mkono ninaoandikia, ambao bado una alama ya meno yako.

Mimi kaka yako.