Damu Inayoteremka Mabogini

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Kidato cha tatu hakitaendelea na bayolojia mwakani kama shule haitapata vifaa vya kufundishia. Amesema hivyo mkaguzi asubuhi, ofisini kwa mkuu wa shule. Atarudi Jumatano tarehe 28. Habari nimeipata kwa Anjela, mdogo wangu. Ndiye mwalimu wa somo hilo, shule ya wazazi, Uru. Alisimulia amesimama jikoni kwangu, hajatua hata mkoba.
Maabara yao ni chumba chenye meza na sinki lisilo na bomba. Chati ya moyo imeliwa na mende. Darasani kuna wasichana wanaotaka uuguzi, na bila bayolojia hawaupati. Mmoja ni Felista, ambaye Anjela humlalamikia kila wiki kwa mdomo wake.
Anataka niandike kijitabu. "Kaka, gazetini kesi ya ng'ombe unaimaliza kwa mistari mitano. Nielezee moyo."
Nimekubali. Sijui chochote kuhusu moyo.

Jumatano, 7 Septemba
Mnada wa kahawa asubuhi. Bei mbaya, nyuso mbaya. Mchana Uru.
Wazo ni la Anjela: mfongo. Mfereji unachukua maji kwenye banio, lango lake la mtoni huko juu, unagawanyika, unaingia kila kihamba, shamba la ukoo. Watoto hawa wameukuta na wataurithi. Banio liwe moyo. Mifereji iwe mishipa. Gogo la mgomba na udongo wa kuzibia viwe vali.
Nimeandika kurasa nne. Maelezo kwa Kiswahili, majina ya viungo kwa Kiingereza cha mtihani. Zinasomeka. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Ijumaa, 9 Septemba
Somo limefanyika mfongoni. Wanafunzi walifungua, wakafunga, wakabishana kwa Kichagga. Hakuna aliyesinzia.
Kosa: leo ilikuwa zamu ya Mama Shirima kupata maji. Maji yaliishia kwenye somo letu, miche yake ikakosa. Mzee Ludoviko, mwenyekiti wa mfongo, alikuja na jembe begani. Anjela alimwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia ya pili.
"Mwalimu, maji haya leo yana mwenyewe."
Adhabu: mbege, pombe ya ndizi, kwa wazee, na darasa zima lizibue mfongo Jumamosi ya wiki ijayo. Haki kabisa.

Jumanne, 13 Septemba
Jaribio. Swali moja: damu ikitoka kwenye moyo inakwenda wapi?
Karibu darasa zima wamejibu kwamba inasambaa mwilini na kuishia huko. Moyo unatoa nyingine. Felista ameongeza kwamba watu wazima huvimba miguu kwa sababu damu yote inateremka huko, kama maji ya Uru yanavyoteremka Mabogini kumwagilia mpunga.
Nimesoma kurasa zangu upya. Hakuna sentensi ya uongo. Hakuna pia inayosema damu inarudi. Maji ya mfongo hayarudi, na sisi tumewaambia damu ni maji ya mfongo. Wamefikiri sawasawa kutokana na tulichowapa.

Jumatano, 14 Septemba
Mkuu wa shule amemshauri Anjela aandae wanafunzi kwa masomo ya sanaa. Hakukasirika. Ni mtu mwema aliyechoka.
Anjela hajanisema. Afadhali angenisema.
Nakala zote zimeshagawiwa. Gazetini tungechapisha sahihisho. Hapa sijui tusahihishe nini: ukurasa au mfereji.

Jumamosi, 17 Septemba
Tumezibua mfongo. Banio limefungwa tangu alfajiri. Kuna mahali ukingo umepasuka huko juu, na udongo wa kuziba haukandiki bila maji. Maji yaliyobaki yako kwenye bwawa la mfongo, chini. Darasa likajipanga kwenye mteremko, ndoo zikapanda kutoka mkono hadi mkono. Juu kabisa Felista alikuwa akimwaga. Yaliyozidi yakashuka kwenye mfereji na kurudi bwawani.
Akasimama. Akatazama chini. Kisha akapiga kelele:
"Mwalimu! Hapa tukichoka, hayarudi juu! Moyo si banio. Moyo ni sisi!"
Anjela aliweka jembe chini. Mzee Ludoviko, kibuyu cha mbege mkononi, akajibu kabla yake:
"Basi huo moyo wenu ni wa mzee kama mimi. Pigeni upesi, udongo unakauka!"
Wakaongeza kasi, wanacheka. Nilikuwa katikati ya mstari. Mgongo unauma hadi sasa.

Jumatatu, 19 Septemba
Ukurasa wa kwanza mpya unaanza hivi: Tulikosea. Kisha mchoro: bwawa, mstari wa ndoo, mfereji, bwawa tena. Damu ni ileile, inazunguka. Mapafu yana ukurasa wake.
Safari hii nimewasomea wanafunzi kabla ya kuchapa stensili. Wamenikatia sentensi tatu. Zilistahili.

Ijumaa, 23 Septemba
Anjela aliomba maji kwa ajili ya Jumatano ya mkaguzi. Mzee Ludoviko ametoa zamu yake mwenyewe. Mama Shirima bado hatuitikii vizuri, ila ametuma ndoo mbili.

Jumatano, 28 Septemba
Mkaguzi alifika saa nne. Alidhani anapelekwa maabara. Akapelekwa mgombani.
Alitazama mstari ukizunguka mara kadhaa. Kisha Anjela akaleta moyo wa mbuzi kutoka buchani, akaupasua kidogo na kuumwagia maji kwa juu. Yalipita. Akageuza, akamwaga upande wa pili. Yakagoma: vali imefunga. Mkaguzi aliomba ajaribu mwenyewe. Mkono wa shati ukalowa.
Akamchagua Felista, bila kujua mdomo wake. Damu ikifika miguuni inakwenda wapi?
"Inarudi, mwalimu. Isingerudi, ungeshaanguka hapo ulipo."
Anjela alifumba macho. Mkaguzi akacheka, kisha akauliza swali gumu zaidi, la vali, kwa Kiingereza. Felista alijibu polepole, akikunja vidole kama anayefunga mlango wa mfereji. Alijibu sawa.
Uamuzi ameutamka mbele ya mkuu wa shule: somo linabaki mwakani. Shule bado inadaiwa hadubini. Anataka pia kuona kurasa za viungo vingine.

Ijumaa, 30 Septemba
Mvua ndogo Uru. Mfongo umejaa, wenye zamu wamelala.
Anjela amekuja na ndizi na maziwa. Tumekula. Hakusema asante, wala mimi sikungoja. Kabla ya kuondoka ameulizia chujio la mbege la marehemu mama. Lipo, juu ya kabati.
Somo la figo, chujio la damu, ni Jumatatu tarehe 3, saa mbili asubuhi. Nitawasomea kwanza.